Hakufa kwa Mapenzi

Chini ya turubai la msiba wa kijana aliyejiua, kaburi halijachimbwa, sababu inakuwa imeshapatikana. "Kisa mapenzi." Au matokeo ya kidato cha nne. Au simu aliyonyang'anywa na baba yake. Mzee mmoja anatikisa kichwa: vijana wa siku hizi legelege, sisi tulichapwa, tulifeli, tuliachwa, na bado tupo. Wenzake wanaitikia. Chai inamiminwa, mjadala umekwisha.

Nimekaa chini ya maturubai hayo mara tatu. Maelezo hayo ni uongo, na uongo huo unatuulia watoto.

Kijana wa mwisho tuliyemzika alikuwa na miaka 19. Miezi minane kabla ya kuachwa na mchumba wake alikuwa halali, hali na wenzake, haendi tena uwanjani jioni. Dada yake alinionyesha daftari lake. Mwanzoni mwandiko ni safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Kadiri unavyofunua, maandishi yanapungua, mpaka kurasa za mwisho zina tarehe tu, juu kulia, na chini yake hakuna kitu. Nyumbani hali hiyo waliiita uvivu. Shuleni waliiita utoro. Alipoachwa ndipo kila mtu akapata jina la kumzikia.

Wanaachwa wangapi kila siku, wakalia, wakapoa? Huyu aliachwa akiwa tayari ametafunwa na sonona miezi minane, bila tiba wala mtu wa kumsikiliza. Takriban nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 18, yaani katika umri uleule wa mitihani, mapenzi ya kwanza na magomvi na wazazi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Thubutu kuwaita wote hao legelege.

Tena ugonjwa wenyewe humletea kijana mikasa. Asiyelala usingizi hufeli. Anayesikia sauti hugombana na mwajiri. Aliyejifungia chumbani huachwa. Halafu sisi tunauokota mkasa, tunauita chanzo, na ugonjwa uliouzaa tunauzika pamoja na maiti.

Wapo pia wanaokosea kwa upande mwingine. "Huyo mgonjwa, hata akifiwa haelewi." Anaelewa sana. Kijana aliyetoka wodini juzi anajua kwamba kazi imeshapewa mwingine, na anaona majirani wanavyowavuta watoto wao anapopita. Majuma ya mwanzo baada ya kutoka hospitali ni ya hatari kubwa, na ndimo ndugu wanamoaga wakirudi kwao, wakishukuru kwamba amepona.

Sheria nayo inatufunga midomo. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Kwetu Tanzania jaribio hilo bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Familia inayoogopa polisi itamwambia daktari kwamba mtoto alikula kitu kibaya, naye daktari atatibu tumbo.

Na tuseme basi kuhusu ule woga mwingine, kwamba ukimuuliza kijana kama anawaza kujiua utampa wazo. Humpi. Wazo kama lipo, analo tayari, na amelibeba peke yake.

Mama mmoja mtaani kwetu alilijua hilo. Mwanawe alikuwa akitibiwa sonona, na matokeo ya mtihani yalikuwa yanakaribia kutoka. Jioni moja akahamishia godoro lake chumbani kwa kijana. Dawa zote za nyumbani akazifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Taa ilipozimwa akamuuliza waziwazi, "Mwanangu, unawaza kujiua?" Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema ndiyo, akalia hadi alfajiri. Asubuhi walipanda daladala ya kwanza kwenda kliniki. Matokeo waliyafungua siku tatu baadaye, wakiwa wawili, mama ndiye ameshika simu.