Wiki hii mwanao anasoma nini? Hesabu ya Kiingereza inayowagusa watoto wa Chanji

Muulize mtoto wa shule ya msingi pale Chanji, Manispaa ya Sumbawanga, leo wamesoma nini. Jibu linajulikana: "Hesabu." Ukimbana kidogo anaongeza: "Na Kiswahili." Mazungumzo yameishia hapo.

Jibu kamili lipo, na limeandikwa. Kila mwalimu huandaa azimio la kazi, yaani mpango wa somo lake kwa mwaka mzima, mwezi kwa mwezi na wiki kwa wiki. Humo utakuta wiki hii darasa la mwanao linatakiwa kuwa wapi. Kwa sasa kuna sababu kubwa ya mzazi kuliulizia.

Nini kimebadilika?

Januari 2024 mtaala mpya ulianza na elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Darasa la kwanza na la pili bado kazi kubwa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia darasa la tatu, Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili zimeondoka. Badala yake kuna Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili.

Mabadiliko mawili ndiyo mazito zaidi. La kwanza, Kiingereza kama somo sasa kinaanza darasa la kwanza. Kabla ya hapo, katika shule za serikali zinazofundisha kwa Kiswahili, kilikuwa kinaanza darasa la tatu. La pili, elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba.

Piga hesabu

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza 2024 atapata miaka sita ya Kiingereza kabla ya sekondari. Waliosoma mtaala wa zamani mpaka darasa la saba wanapata miaka mitano.

Sasa mwangalie aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024. Madarasa mawili ya kwanza alisoma kwa mtaala wa zamani, hakufundishwa Kiingereza. Halafu anamaliza darasa la sita 2027, mwaka ule ule ambao kaka na dada zake wa darasa la saba nao wanamaliza. Huyu amepata miaka minne tu.

Wote wawili wanaingia kidato cha kwanza 2028, na huko masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mmoja ana mwaka pungufu, lakini kitabu ni kile kile.

Sera mpya inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, kwa hiyo safari haitakiwi kuishia msingi. Swali sio tena kama mtoto atavuka. Swali ni anavuka na nini kichwani.

Wiki moja ina uzito gani?

Sumbawanga ni mji, lakini jembe halijatoka mkononi. Mahindi na maharage yakiwa tayari, kuanzia Mei, mtoto ni nguvu kazi ya nyumbani. Wiki moja shambani inaonekana ndogo, ila azimio la kazi halimsubiri. Akirudi anakuta wenzake wako mada nyingine, na mwenye miaka minne ya Kiingereza hana mwaka wa akiba wa kufidia.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, nenda shuleni umuulize mwalimu wa darasa: wiki hii mko mada gani? Huhitaji kusubiri kikao cha wazazi.

Pili, tumia simu. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na kuvisoma ni bure. Utakachotumia ni bando. Fungua kitabu cha somo husika, mwambie mtoto akusomee ukurasa mmoja kwa sauti.

Tatu, badilisha swali. Mtaala huu unaangalia umahiri, yaani mtoto anaweza kufanya nini, sio amenakili kurasa ngapi. Mwambie: "Nionyeshe mlichojifunza."

Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, bado una cha kumpa. Akifika kwenye historia ya ufuaji chuma, mweleze malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambazo Wafipa walizitumia kuyeyushia madini ya chuma. Akisoma mabonde na maziwa, mwambie anakaa juu ya uwanda ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Hayo yako kwenye masomo yake, na mwalimu wa kwanza anaweza kuwa babu yake.

Kwa watoto wa 2027, kinachoweza kuongezwa sio miaka. Ni wiki zilizobaki, na kila Jumatatu moja inaanza kuhesabika.