Tule viapo kwa lugha tunayoielewa

Kila wakati wa kuwasajili watahiniwa au kuomba nafasi vyuoni unapowadia, wazazi wengi hupigwa na butwaa. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa silo lililo katika cheti cha mtihani, na yote mawili hayapatani na lile la kitambulisho. Aliyezaliwa Ng'ang'a amekuwa Nganga. Wanjiru ameandikwa Wanjilu. Na Mohamed huyohuyo ni Muhammad kwingineko. Hapo ndipo mzazi huambiwa aende akaape.

Kwa mtaalamu wa isimu, makosa haya si ya ajabu. Ritifaa katika Ng'ang'a si pambo. Huonyesha sauti ya ving'ong'o ambayo Kiswahili, Kikuyu na Kijaluo hutofautisha na "ng" ya kawaida. Anayeiondoa amebadilisha sauti, na pengine jina. Aidha, katika Kijaluo irabu moja ya mwanzo ndiyo inayomtenganisha Otieno, mvulana aliyezaliwa usiku, na Atieno, msichana aliyezaliwa wakati huohuo. Kalamu ya karani ikiteleza hapo, mwana wa kiume amegeuzwa binti katika kumbukumbu za taifa.

Ni vyema tuelewe kwanza hati ya kiapo hufanya nini. Wengi hudhani kwamba hati hiyo hubadili jina. La hasha! Hati ya kiapo ni ushahidi. Kwayo mtu huthibitisha kwamba Nganga na Ng'ang'a ni mtu mmoja, na hueleza jinsi tofauti hiyo ilivyotokea. Anayetaka kuliacha jina lake kabisa na kutwaa jingine hutakiwa kutia sahihi hati maalumu ya kubadili jina, kuiandikisha kwa Msajili wa Hati, na tangazo lake kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Asiyejua tofauti hii huenda akalipia hati moja ilhali alihitaji nyingine.

Hati yenyewe ina sarufi yake. Huandikwa kwa nafsi ya kwanza, katika aya zenye nambari. Mwapaji hujitaja, husema "naapa na kutamka yafuatayo," kisha kila aya huanza kwa neno "kwamba": kwamba mimi ni mtu mzima na raia wa Kenya, kwamba nilizaliwa mahali fulani, kwamba cheti changu cha shule kina jina hili, kwamba majina yote mawili ni yangu. Ukiitazama kwa makini, hati nzima ni sentensi moja ndefu, na aya zote zinaning'inia kwenye kitenzi kimoja: naapa. Mwishoni mwapaji hutia sahihi mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, naye huandika mahali na tarehe ya kiapo.

Sasa basi, nini hutokea pale mwapaji asipokielewa kitenzi hicho? Hati nyingi za viapo nchini huandikwa kwa Kiingereza. Mama aliyelima maisha yake yote ili kumsomesha mwanawe huletewa karatasi, huonyeshwa mstari, hutia sahihi au kidole gumba, hulipa na kwenda zake. Hajui kama jina la mwanawe limeandikwa sawasawa. Hajui kwamba kuapa uongo ni kosa la jinai. Waama, kosa likitokea, atakayeulizwa ni yeye wala si aliyepiga chapa.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1962, alitufundisha kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Kuapa ni mojawapo. Wazee wetu waliyajua hayo zamani. Wakamba walikuwa na kithitu, na Waswahili hadi leo husema "kula kiapo" au "kula yamini", kana kwamba maneno hayo huingia mwilini. Lakini hakuna mzee aliyemlisha mtu kiapo kwa lugha ngeni kwake. Kiapo kisichoeleweka kingewezaje kumfunga mtu?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Dai hili halina mashiko. Kiapo, yamini, shahidi, hati, sahihi, wakili, hakimu: yote haya ni maneno yaliyokomaa. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Majirani zetu wa Tanzania nao walirekebisha sheria mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ikiwa maafisa wetu wamezoea Kiingereza, basi hati na iandikwe kwa lugha zote mbili, bega kwa bega.

Walimu wana nafasi kubwa katika jambo hili. Kwanza, mwanafunzi na asajiliwe kwa jina lililo katika cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, ritifaa ikiwemo, na aonyeshwe orodha kabla haijatumwa. Pili, tunapofundisha insha za uamilifu, tusikomee kwenye barua rasmi, ripoti na kumbukumbu za mikutano. Tuwape wanafunzi hati ya kiapo waiandike kwa Kiswahili sanifu. Huenda ikawa ndiyo insha watakayoihitaji zaidi maishani.

Nanyi wanafunzi, mnapoandamana na wazazi wenu kwa wakili, takeni hati isomwe na kufasiriwa kabla ya kalamu kushikwa. Jina ni la mwenyewe, na kiapo vilevile. Haifai mtu aape kwa ulimi wa kuazima.