Kabla ya Godoro, Tochi

Haisi ikishatolewa viti, seremala anapima kitanda, fundi umeme anatafuta pa kuweka betri ya pili, na mwenye gari anachagua kitambaa cha mapazia. Nairobi, Arusha na Mombasa zimeanza kuyazoea magari ya aina hii: basi dogo linalogeuzwa nyumba ya magurudumu, lenye jiko la gesi, sinki na sola juu ya paa. Pesa yote huenda kwenye kile kitakachopigwa picha. Chini ya gari hapachungulii mtu.

Hapo ndipo mpango unapoharibika. Haisi haina chasisi inayojitegemea kama Land Cruiser au Hilux. Bodi yenyewe ndiyo mifupa: mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa yakawa maboksi marefu yanayopita chini ya sakafu, ndani ya vizingiti vya milango na nyuma ya matao ya magurudumu. Humo ndani kinga ya kiwandani ni nyembamba, hewa haizunguki, na tope likiingia halitoki kirahisi. Kutu huanzia humo, ikala ikielekea nje. Siku kipele kidogo kinapoinua rangi, upande wa pili bati huwa limeshakonda kama karatasi.

Wengi hujipa moyo kwa umri wa gari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15. Lakini tarehe ya usajili haisemi gari liliishi wapi. La Okinawa limepulizwa na upepo wa bahari. La Hokkaido limekanyaga theluji iliyomwagiwa chumvi. Japani ilipoyapiga marufuku matairi ya misumari kwa sheria ya mwaka 1990, kwa sababu ya vumbi la lami lililokuwa likiwasumbua watu mijini, barabara za kaskazini zilizidi kumwagiwa dawa za kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hurushwa na tairi hadi kwenye vitundu vya maboksi, ikasafiri na gari mpaka Kilindini.

Anayedhani hii ni hofu ya mafundi wa vichochoroni na atazame Marekani. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi iliyohusu takriban magari milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, ambayo wamiliki walidai chasisi zake hazikukingwa vya kutosha na zilikuwa zikioza. Gharama ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Hizo zilikuwa chasisi nene za pikapu, si bati la Haisi.

Kuligeuza gari kuwa nyumba kunaongeza hatari. Kila dirisha jipya, feni ya paa na bomba la sinki ni tundu lililokatwa, na ukingo wake ni chuma kitupu. Vumbi la chuma linaloachwa na drili kwenye mfereji wa paa, kwa hewa ya Mombasa, halikawii kugeuka jekundu. Kisha kuta hujazwa sponji au pamba ya kuzuia joto, na vitu hivyo hunywa maji. Watu wawili wakilala humo madirisha yakiwa yamefungwa, pumzi na jasho lao la usiku mmoja hutoa maji zaidi ya glasi nzima. Kwenye baridi ya Limuru, mvuke huo hukutana na bati nyuma ya mbao ukawa matone. Hakuna anayefika huko na kitambaa.

Pwani kuna mtego mwingine. Mwenye gari anarudi kutoka ufukweni Diani au Bagamoyo, anakumbuka kuosha, anaosha. Maji yenyewe yametoka kisimani, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Gari linang'aa juu huku maboksi yakipokea dozi mpya. Maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa yana faida kubwa kuliko sabuni yoyote, mradi mpira uelekezwe chini ya gari na ndani ya matao, na vitundu vya kutolea maji vizibuliwe kwa waya.

Kinachostahili kulaumiwa zaidi, hata hivyo, ni ile rangi nyeusi ya lami inayopakwa chini ya gari kuukuu siku chache kabla ya kuuzwa. Ikipakwa juu ya chuma safi ni kinga. Ikipakwa juu ya kutu inafungia unyevu ndani, na kutu inaendelea kula bila kuonekana. Mnunuzi anayeona gari la miaka kumi lina tumbo jeusi linalong'aa hana sababu ya kufurahi. Oili chafu inayopuliziwa chini hufukuza maji kwa muda, lakini huharibu raba na kudondoka ardhini. Puti nayo haina nguvu ya chuma, na ikipata unyevu huunyonya na kuuhifadhi.

Tiba yenyewe inajulikana. Kwanza ni kugonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu huingia ndani ya boksi na kuonyesha kisichofikiwa na jicho. Kutu ya juujuu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ipakwe dawa yenye asidi ya fosforasi, ifuatie praima ya zinki na rangi. Palipotoboka pakatwe hadi kwenye bati zima, pachomelewe kipande kipya, baada ya kuondoa mtungi wa gesi, sponji na nyaya za betri. Moto wa kuchomelea huunguza kinga ya upande wa ndani, kwa hiyo boksi lipuliziwe nta kwa mpira mrefu baada ya kupoa. Fundi anayeruka hatua hiyo ya mwisho amepanda kutu mpya palepale alipoitibu ya zamani.

Mpangilio wa kazi basi unapaswa kugeuzwa. Fungu la kwanza la pesa liende chini ya sakafu na ndani ya maboksi, wakati gari bado ni tupu na kila kona inafikika. Kitanda kikishafungwa, ukaguzi huo humaanisha kubomoa. Wanaoagiza magari kwa niaba ya wateja nao waache kutuma picha za dashibodi na rimu peke yake. Picha sita za chini ya gari, zilizopigwa kabla halijapakwa chochote, ni ombi dogo kwa mtu anayetumiwa mamilioni ya shilingi.

Anayekwenda yadi wiki hii abebe tochi na kipande cha boksi cha kulalia. Muuzaji akimkataza kuingia chini ya gari, atafute yadi nyingine.