Siku tatu Kampala, begi moja mgongoni



Mnawajua wale vijana wazungu tunaowaona stendi ya Mbarara, kila mmoja peke yake na begi kubwa mgongoni? Siku zote nilijiuliza, huyu mtoto wa watu anatembea peke yake anatafuta nini? Kumbe siku yangu ilikuwa inakuja.

Sababu ni hii. Mwaka 2023 posho ilipoanza kugawanywa kwa makundi, nyumbani kwetu neno likawa lile lile kila jioni: "Baba watoto, tuhamie Kampala. Wenzetu wako kule." Mimi sikuwa na jibu. Mwisho nikamwambia, "Mama watoto, acha niende kwanza mimi niangalie kwa macho. Watoto sita hawahamishwi kwa kusikia."

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa uhuru wa kutembea. Hata hivyo nilibeba kitambulisho na karatasi ya ruhusa. Pesa niligawa: ya kula mfukoni, ya kulala ndani ya begi, nauli ya kurudi ndani ya soksi.

Kutoka Mbarara ni kilomita kama 270. Tulipita Masaka, halafu Kayabwe penye mstari wa ikweta, na mchana nikashuka Kampala. Vilima kila upande, na mabondeni ni bati juu ya bati.

Siku ya kwanza mji ulinila. Nilipanda bodaboda bila kupatana bei, akanizungusha weee, akadai pesa ya siku nzima. Kumbe nyumba ya kulala wageni ilikuwa dakika kumi kwa mguu! Mama wa chai akanicheka: "Ssebo, patana kwanza." Kiswahili kimo katika katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini mtaani Kiganda ndiyo bwana. Nikajifunza "ssebo" kwa mwanaume, "nnyabo" kwa mama, na "weebale" ya kushukuru. Maneno hayo matatu yalinisaidia kuliko ubishi.

Usiku sikulala vizuri. Nilifikiri, nikianguka hapa, nani atawaambia watu wangu? Nikaamka, nikaandika namba ya simu ya mama watoto kwenye kikaratasi, nikaitia mfukoni mwa shati.

Siku ya pili nilikwenda Katwe kwa mama mmoja tuliyesali naye zamani hapa Base Camp. Yeye anatembeza vitenge. Akaniambia wazi: "Ndugu yangu, hapa unakula ulichouza leo. Askari wa jiji wakikukuta huna leseni, mzigo unaondoka. Nikiugua siku mbili, watoto wanajua." Akanionyesha chumba cha kupanga, kimoja, choo cha nje mnachangia na majirani. Nikatoa daftari, nikaandika: chumba, maji ya dumu, makaa, chakula, karo ya shule.

Toka pale nikaenda soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Mimi ni fundi viatu, mnanijua. Katika mstari mmoja tu nilihesabu mafundi viatu 19! Jioni nikajumlisha: hata nikipata wateja kila siku, pesa inafika nusu ya mwezi tu.

Siku ya tatu, kabla ya basi, nilipanda kilima cha Rubaga. Kanisa kuu lile lilibarikiwa mwaka 1925, na ndani yake amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka. Nilisali, halafu nikakaa nje nikiangalia mji wote. Ni mji mzuri, haki ya Mungu. Ila haumngojei mtu.

Nyumbani nilimsomea mama watoto daftari lote. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na yule mama wa Katwe, anataka kurudi huku?"

Nikasema ukweli: "Hapana. Amesema harudi."

"Basi njia iko," akasema.

Tulizungumza mpaka taa ikazima. Tumekubaliana hivi: mwaka huu hatuhami. Shamba la maharagwe linabaki. Binti yetu mkubwa amalize kwanza kujifunza kushona, halafu mimi naye tutatangulia miezi mitatu. Tukiweza kulipa chumba bila kukopa, wengine watafuata. Tukishindwa, tunarudi, na nyumba ipo.

Ndugu mzazi, kama na wewe unafikiria kuhama, kumbuka haya:

- Aende mmoja kwanza, siku chache.
- Nauli ya kurudi usiiguse.
- Patana bei kabla ya kupanda.
- Tembea na kitambulisho na namba ya simu ya nyumbani.
- Uliza aliyefaulu na aliyeshindwa pia.
- Andika hesabu, usiibebe kichwani.

Mimi sisemi nenda, wala sisemi kaa. Nasema nenda uone, halafu mkae mezani na mama watoto.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.