Theluji Yetu Haitatungoja

Wahenga walinena kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali hii hunijia kila mwaka upepo wa kaskazi uanzapo kuvuma na kisiwa chetu cha Mombasa kufurika wageni kutoka Ulaya. Hao ni watu waliokimbia majira ya baridi kwao. Ukiketi nao karibu na Ngome ya Yesu ukawadadisi, watakueleza kuwa safari hii waliipanga miezi mingi kabla: tarehe ya kuondoka, hoteli ya kulala, fedha za matumizi, hata na nguo za kubeba. Likizo yao ya Desemba huanza kupangwa wakati sisi tungali tunahesabu siku za muhula wa pili.

Nami hujiuliza: je, sisi walimu na wazazi wa Mombasa tumewapangia nini watoto wetu katika likizo hiyo hiyo? Wazungu hukimbia theluji wakaja kuona jua letu. Watoto wetu, ambao jua wanalo mwaka mzima, hawajapata kuiona theluji iliyo katika nchi yao wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili hapa kisiwani, hatua chache kutoka Mji wa Kale. Siku moja nilipokuwa nikifundisha somo la barafu na jinsi inavyochonga mabonde, niliwauliza wanafunzi ni wapi wangekwenda iwapo wangetaka kuiona theluji. Mmoja alijibu Uswisi. Wa pili alitaja Marekani. Wa tatu, ambaye mjomba wake hufanya kazi Ghuba, alisema kwa fahari kwamba angekwenda Dubai, kwa kuwa tangu mwaka 2005 kuna jumba ndani ya duka kubwa ambamo watu huteleza juu ya theluji huku nje ni jangwa. Darasa zima lilimpigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyeutaja Mlima Kenya, mlima uliotupa jina la taifa na uliochorwa katika nembo yake.

Kwa hakika sikuwalaumu wanafunzi. Kosa ni letu tunaowafundisha kana kwamba baridi ni mali ya watu wengine. Tumesahau hata kwamba habari za theluji katika Ikweta zilianzia huku kwetu pwani. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akafunga safari ya bara pamoja na wenyeji waliozijua njia za misafara. Tarehe 11 Mei mwaka huo aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake kile ni nini, alijibiwa kwa neno moja tu la Kiswahili: baridi. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Mabingwa wa jiografia huko London waliwakejeli, wakasema haiwezekani theluji ikae chini ya jua la Ikweta. Mtu wa pwani, ambaye hakuwa na shahada yoyote, alikwisha kuujua ukweli ambao mabingwa hao waliukataa kwa miaka mingi. Je, si aibu kwamba leo mjukuu wake aniambie theluji iko Dubai?

Basi nilikata shauri kuwapeleka wanafunzi wangu mlimani. Hapa sina budi kukiri kosa langu, kwani ndilo lililonifanya niandike makala haya. Niliianza mipango mwezi wa Oktoba kwa safari ya Desemba. Barua ya kuomba idhini ilikaa katika ofisi moja kwa majuma matatu. Nilipoanza kutafuta malazi mjini Nanyuki, nyumba za bei nafuu zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa na watu wa Krismasi. Nauli nazo zilikuwa zimepanda. Wanafunzi kumi na tisa walikuwa wamekwisha kuleta kianzio. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa kidato cha nne ambaye alikuwa akiuza kachiri za muhogo kila jioni baada ya sala ya alasiri, akaniletea fedha zake zikiwa sarafu tupu ndani ya mfuko wa plastiki. Niliporudisha michango, yeye alizipokea sarafu zake, akaniambia kwa upole, "Haya mwalimu, labda mwakani." Sote wawili tulijua kwamba mwakani hatakuwa mwanafunzi wangu tena. Safari ile ilivunjwa na uzembe wangu wa kupanga, wala umaskini haukuwa na kosa.

Najua zipo hoja za kupinga. Bibi mmoja wa Kibokoni aliniita barazani kwake akaniambia, "Mwalimu mwanangu, mjukuu wangu kifua chake kimezoea joto la bahari. Ukinirudishia mtoto na kikohozi, nitawaambia nini wazee wake?" Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni matayarisho. Yeyote atembeleaye soko la Kongowea ameona jinsi robota za mitumba zinavyofunguliwa, na makoti mazito ya Ulaya yakatupwa kando huku watu wakicheka na kuuliza nani atavaa blanketi lile Mombasa. Makoti hayo, pamoja na soksi na glovu za sufu, hupatikana kwa bei ndogo kwa kuwa hapa hayana mnunuzi. Mwalimu anayeanza kuyakusanya mwezi wa Aprili atakuwa na ya darasa zima ifikapo Desemba, na yatatumiwa na madarasa yatakayofuata.

Wengine husema theluji si mambo ya Mwafrika. Hao ningewakumbusha kwamba mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za kuteleza juu ya theluji katika Olimpiki za Nagano, Japani. Aliwasili wa mwisho, lakini mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni mwa njia akamkumbatia. Mwaka 2018 Kenya iliwakilishwa Korea Kusini na Sabrina Simader, msichana aliyezaliwa Kilifi na kulelewa Austria. Aidha, tulipopata uhuru mwezi wa Desemba 1963, aliyeipandisha bendera yetu juu ya Mlima Kenya alikuwa Mkenya, Kisoi Munyao. Baridi haiwauzi watu kadi za uanachama.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya fedha na usalama. Hii ndiyo inayohitaji mpango, na ningependa kuwapa walimu wenzangu niliyojifunza kwa majuto. Kwanza, chagueni wakati. Mvua za vuli hunyesha mlimani hadi katikati ya Desemba, kwa hiyo siku njema ni za mwisho wa mwezi huo na mwanzo wa Januari, kabla ya shule kufunguliwa. Zikikingana na sikukuu, ni lazima malazi yatafutwe mapema. Pili, njia. Tangu mwaka 2017 gari la moshi jipya hutoka Miritini hadi Nairobi, safari ya takriban kilomita 480, na kutoka hapo hadi Nanyuki zimebaki karibu kilomita 200 za barabara. Mtoto aondokaye asubuhi kwenye usawa wa bahari asipelekwe moja kwa moja mlimani. Alale Nairobi, kisha alale Nanyuki, mwili upate kuizoea hewa nyepesi.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, si kila mtoto apande. Wadogo wakae mjini Nanyuki, mji ulio juu ya Ikweta yenyewe, waamke alfajiri wautazame mlima kabla mawingu hayajaufunika. Hilo peke yake ni somo tosha. Wakubwa, wakiwa na idhini ya wazazi na ya daktari, na wakifuatana na viongozi wa mlima wenye leseni, waweza kupita njia ya Naro Moru kwa siku kadhaa: kutoka lango la mbuga, mita 2,400, hadi kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, kisha hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200. Hapo wataiona barafu usoni pao, chini ya vilele vya Batian na Nelion. Hakuna haja ya kumsukuma mtoto hadi kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Atakayeanza kuumwa kichwa na kutapika ateremshwe mara moja, bila ya kubembelezwa na bila ya kuchekwa.

Nne, fedha zikusanywe kidogo kidogo tangu Januari, kama tufanyavyo kwa arusi. Mji wa Kale haushindwi kuchangia harusi ya siku tatu. Utashindwaje kuchangia safari ya elimu ikiwa utapewa miezi kumi na moja?

Msomaji aweza kuniuliza haraka ni ya nini, maadamu mlima hauna miguu. Ni kweli mlima utakaa, ila barafu yake haikai. Mto wa barafu wa Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote mlimani humo, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu yote ya Afrika Mashariki huenda ikatoweka katika miaka ya 2040, na ile ya Mlima Kenya huenda ikatangulia kwa mwongo mzima. Theluji ya usiku mmoja itaendelea kuanguka na kuyeyuka, lakini barafu iliyojengeka kwa karne nyingi haitarudi katika uhai wetu. Mtoto aliye shuleni leo huenda akawa mzazi asiye na cha kumwonyesha mwanawe isipokuwa mwamba mtupu.

Wala jambo hili si la watu wa bara pekee. Mto Tana, ambao mlima huu ni mmoja wa vyanzo vyake, humwaga maji baharini Kipini, katika pwani yetu hii hii, na mabwawa yake huzalisha sehemu ya umeme unaomwangazia mwanafunzi wa Ndia Kuu asomapo usiku. Maji mengi ya mto huo hutokana na mvua na misitu wala si barafu, lakini joto linaloiyeyusha barafu ndilo linaloivuruga mvua. Mtoto aliyeiona barafu inavyokonda atalielewa somo hili kuliko aliyelikariri kwa ajili ya mtihani.

Nawasihi walimu wakuu wa kisiwa hiki waiingize safari ya mlimani katika kalenda ya shule tangu muhula wa kwanza. Nawaomba wazazi wafungue vibweta vyao mapema. Nanyi wanafunzi, msitungoje sisi: tudaini safari hiyo, tuulizeni tarehe, tuleteeni shilingi zenu. Mimi mwenyewe nimekwisha kuandika barua yangu ya kuomba idhini ya Desemba ijayo, na mara hii niliipeleka mwezi wa Januari. Yule msichana wa kachiri sasa anafanya kazi dukani Marikiti. Nimemwalika aje nasi akiwa mmoja wa wasimamizi wa wasichana, naye amekubali.