Mkulima Alilipa au Alilipwa?

NCHA YA KALAMU
Na Anastazia Kokushubila

Jumamosi, hapa Kimuli, tukigeuza kahawa ya maganda juani, nilimtungia binti wa dada yangu sentensi ya Kiingereza: "The farmer paid before the harvest lost his coffee." Yuko kidato cha pili. Aliisoma mara tatu.

"Mama mdogo, umekosea. Mkulima kalipa, sasa hiyo 'lost' inatoka wapi?"

Sikukosea. Ni habari ya butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali mtini. Mkulima hakulipa, alilipwa. Nikamwambia aiseme kwa Kiswahili: "Mkulima aliyelipwa kabla ya mavuno alikosa kahawa yake." Hiyo "ye" inatuonyesha ni mkulima yupi, na "w" inasema fedha alipokea yeye. Kiingereza kimevimeza vyote viwili. Virudishe, "who was paid", na fundo linafunguka.

Nikampa ya pili: "Had he waited, he would have earned more." Akauliza, "Alikuwa na nini?" Hakuwa na kitu. Ni "angelisubiri, angelipata zaidi". "Had" imekaa mbele kufanya kazi ya "-ngeli-".

Hakuna neno hapo ambalo mtoto huyu halijui. Ndiyo maana ule ushauri wa "ongeza misamiati" haumfikishi mbali. Kinachomkwaza ni jinsi maneno yalivyofungwa, na kamusi haifungui mafundo.

Watoto wetu hutoka nyumbani na Runyambo, wakasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini darasani zipo shule ambako kukitamka bado ni kosa.

Wazazi wengine wanahofu kwamba Kiswahili kitamchelewesha mtoto. Sisemi somo zima litafsiriwe. Nasema mwalimu asimamishe sentensi ngumu dakika mbili, aulize kwa Kiswahili nani katenda, nani katendewa, kwa sharti gani, kisha airudishe kwenye Kiingereza chake.

Jioni binti alinisukumia daftari. Alikuwa ametunga yake: "The buyer sold wet coffee complained."

Nikakwama. Mnunuzi anauzaje?

Akacheka. "Mama mdogo, tafuta 'w'."

Mnunuzi aliyeuziwa kahawa mbichi alilalamika.