Fiuzi si ya amplifaya, ni ya waya

Jumamosi iliyopita nilizima kompyuta mapema nikaenda kumsaidia baba mdogo kung'oa waya kwenye Peugeot 504 yake. Kwa hiyo wasomaji mtanisamehe, leo hakuna programu hapa. Nimekasirika kidogo, na nikikasirika huandika.

Kwa vijana wasioijua: 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha tena mwaka 1978, ile ya V6, mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Huku kwetu wazee wanaikumbuka zaidi kama matatu ya safari ndefu. Ya baba mdogo bado inakwenda Turbo hadi Eldoret na kurudi, na mwenyewe alitaka tu muziki unaosikika juu ya kelele za injini.

Fundi mmoja akamwekea amplifaya kwenye buti. Waya mwekundu akaufunga moja kwa moja kwenye chanya ya betri, akautoboza kwenye bati linalotenga injini na abiria bila kuweka mpira kwenye tundu, akaulaza chini ya zulia hadi nyuma. Fiuzi aliweka, tena nzuri. Ila aliiweka kwenye buti, kando ya amplifaya.

Baada ya wiki chache za matuta, bati likala plastiki ya waya. Baba mdogo alisikia harufu, akasimama kando ya barabara, akafungua boneti na kuchomoa betri. Zulia lilikuwa limeungua kipande cha ukubwa wa kiganja. Fiuzi ya kule nyuma ilikuwa nzima kabisa!

Na ingekatikaje? Umeme ulitoka kwenye betri, ukaingia kwenye bodi pale kwenye tundu, ukarudi kwenye hasi. Haukufika kwenye fiuzi. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya amperi, na waya hugeuka kuwa hita. Ni kama kukagua data baada ya kuiandika kwenye database (haya, programu nimezitaja). Fiuzi ya kwanza hukaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi. Ile ya amplifaya, kama ipo, ni ya amplifaya.

Fundi alipoulizwa alimjibu, "Mzee, hata stata haina fiuzi." Ni kweli, na hoja hii utaisikia kila gereji. Lakini waya wa stata ni mfupi, mnene, haupiti chini ya miguu ya watu, na stata yenyewe hula mamia ya amperi kwa sekunde chache. Waya wa amplifaya ni mita 5 za kona na bati.

Hesabu yenyewe si ngumu. Amplifaya ya wati 300 yenye ufanisi wa asilimia 80 hula wati 375. Gawa kwa volti 13.8, unapata amperi 27. Kwa waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, mita 5, unapoteza karibu volti 0.4 njiani, kwa milimita 16 ni chini ya volti 0.15. Tulinunua wa 16 na fiuzi ya amperi 40. Angalieni tu mnaponunua, kuna waya wa alumini uliopakwa shaba unaouzwa kama shaba tupu. Ukwangueni kwa kisu muone rangi ya ndani.

Tulifungua hasi kwanza, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya utaona cheche. Tukaweka mpira kwenye tundu. Hasi ya amplifaya tukaifunga kwenye bodi ndani ya buti, baada ya kukwangua rangi hadi chuma king'ae. Waya mwembamba wa kuwashia tukautoa kwenye redio, ili amplifaya ilale redio ikizimwa, la sivyo asubuhi ni kusukuma gari.

Waya za kiwanda hatukuzigusa hata moja. Mtu akinunua 504 hii kesho, anatoa bolti chache inarudi ilivyokuwa.

Zulia bado lina lile tundu. Baba mdogo amekataa kulibadilisha, anasema anangoja fundi apite alione.